Barua Iliyoishia Kwenye Madhumuni

Bibi aliyekuwa akiniletea mboga amefariki. Sentensi hiyo nimeiandika upesi kwa sababu msomaji wangu wa siku zote ananijua: nikiachwa nianze na hali ya hewa, nitafika kwenye msiba ukurasa umeshakwisha. Habari ilinifikia Alhamisi asubuhi nikiwa kibarazani kwangu hapa Morogoro mjini, kwenye kiti ambacho mke wangu anadai kimeota mizizi, na nikiwa nimeandaa lawama. Siku yake ya kuja ilikuwa Jumatano, hakuonekana, na mimi nikala maharage mchana na jioni. Alhamisi akafika binti yake, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo, hana tenga kichwani. Nikamwanza kwa mzaha kabla hajakaa: "Mwambie mama yako nimempa talaka moja. Zimebaki mbili." Akavuta ncha ya kanga yake, akatazama chini. "Mama ametutoka, kaka. Jana mchana. Alikutwa ameketi kando ya tuta la karoti, jembe liko mapajani, tukadhani anapumzika. Tunazika kesho saa nane, huko huko juu." Mpaka leo sijui macho yangu niliyaweka wapi. Najua tu kwamba kilichonijia kichwani, kabla ya huzuni, kilikuwa karatasi moja ndani ya droo yangu, yenye mistari mitano, ambayo marehemu aliisubiri tangu masika.

Wengi wenu mnamjua, ila hamjui kama mnamjua. Ni mmoja wa wale akina mama wanaoshuka kutoka Uluguru asubuhi, shingo imenyooka, tenga limejaa figili, karoti, vitunguu majani na, msimu ukifika, stroberi zilizofunikwa kwa jani la mgomba. Watu wa mjini tunawaita kwa jina la wanachobeba: "Wee mchicha, njoo!" Huyu alikuwa na kazi nyingine ambayo haikuonekana juu ya tenga. Alikuwa mkunga, wa wale waliojifunza kwa bibi zao, na kwa miaka mingi wanawake wa mlima ule walijifungulia mikononi mwake kabla zahanati haijasogea. Nilikuja kujua hivyo siku nilipoona kichupa cha maji kimejibana kati ya karoti, nikataka kunywa. Akanipiga kofi mkononi. "Hayo si ya kunywa. Ni ya watu wanaozaliwa wakiwa na haraka ya kuondoka." Kwa asiye Mkatoliki nieleze: Kanisa linafundisha kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa na padre yuko mbali, Mkristo yeyote, hata mimi, anaweza kumwagia maji kichwani na kutamka kwamba anambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Zamani padre wa misheni alikuwa mwendo wa kutwa nzima, kwa hiyo katekista aliwafundisha wakunga maneno hayo mapema, kama mtu anavyofundishwa kuzima moto.

Mimi na yeye tulikuwa na utani wa bibi na mjukuu, ingawa hatukuwa na undugu wowote zaidi ya ule wa matembele. Nilikuwa mumewe, mke wangu alikuwa mke mwenzake. "Shikamoo bibi." "Marahaba mume wangu. Bado umekaa hapo hapo nilipokuacha?" Kisha ananikagua roho. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapokea komunyo ya kwanza kwa shati la kuazima, na tangu hapo mimi na kanisa tumeishi kama majirani wema wanaosalimiana kwa kupungiana mkono. Hilo hakulipenda. "Lini umeungama?" Nikamjibu kwamba mtu asiyetoka nyumbani hana cha kuungama: haibi, hazini, baa haijui, na hata masengenyo yanamfikia yakiwa yamepoa. "Ndiyo maana nakuhurumia," akasema. "Ile sala ya kuungama unaikumbuka? Tunasema tumekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo, na kwa nini tena?" Nikajibu kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni: "Na kwa kutotimiza wajibu." Akapiga goti lake. "Hicho chumba cha nne ndicho ulichopanga wewe, na hutoki!" Huko jikoni mke mwenzake alicheka mpaka nikasikia mwiko unaanguka.

Alikuwa na elimu yake ya mambo ya akhera, ambayo sijui ingepata alama gani seminarini, ila mimi niliyeishia kidato cha nne, kwa daraja ambalo familia yetu ilikubaliana kutolizungumzia, iliniingia. Niliwahi kumwambia naogopa toharani, ule moto wa kutakaswa. Akasema watu wanaiogopa bure. "Toharani ni kama stendi ya Msamvu. Kila unayemwona mle ndani na mzigo wake ana tiketi mkononi. Safari anayo, hakuna wa kurudishwa. Taabu ni vumbi na kungoja gari. Wasio na tiketi hawako Msamvu kabisa." Nikamuuliza kama mimi nitangoja sana. Akanitazama na kiti changu. "Wewe unapenda kukaa. Utapaona pazuri."

Sasa nifike kwenye ile karatasi. Ilikuwa masika, mvua imepasua njia ya mlimani, na bibi akalazimika kushinda kwetu mpaka maji yapungue. Mke wangu akamletea chai ya mchaichai. Akakishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa, kisha akasema: "Mume wangu, nina kitu, na leo si cha utani." Ng'ambo ya kijito, mkabala na nyumba yake, anakaa rafiki yake wa tangu utoto. Bibi zao walizaliwa tumbo moja. Tawi moja likasogelea misheni, jingine likashika Uislamu, na huko milimani jambo hilo halijawahi kumzuia mtu kuazima kinu. Wawili hawa waliwekwa ndani mwaka mmoja walipovunja ungo, wakatolewa siku moja wakiwa wamepakwa mafuta. Idi wanakula kwa mmoja, Krismasi kwa mwingine. Huyo rafiki mimba zilikuwa hazikai. Ya nne ikakaa, na siku ya kujifungua, jua la utosi, akaitwa rafiki yake mkunga. Mtoto akatoka mweusi wa zambarau, halii. "Nilimpiga mgongoni, nikamvuta kamasi, nikampulizia puani. Kimya. Mimi nilifundishwa kwamba mtoto akifa hajabatizwa, mbinguni haoni. Na yule hakuwa mtoto wa mtu tu, alikuwa wa rafiki yangu. Ningekaaje huko juu, kama ningefika, nikijua mwanawe nilimshika mkononi nikamwacha nje? Nikachukua kichupa." Nikamuuliza: "Akalia?" "Alilia kama mtu aliyetukanwa. Sisemi ni ubatizo uliomliza. Huenda ni ubaridi wa maji."

Mtoto akaishi. Akapewa jina la Kiislamu, akaenda madrasa, leo ni mtu mzima mwenye familia na ndiye muadhini wa msikiti wa kijijini kwao. "Nikishuka na tenga alfajiri namsikia anaadhini. Ana sauti nzuri. Nasimama mpaka amalize, halafu naendelea." Mama yake hakuwahi kuambiwa. Bibi aliliungama jambo hilo kwa padre wa zamani, na padre akafungua sheria akamwambia hana kosa, mahali kifo kilipo karibu Kanisa linaruhusu, asali Salamu Maria moja ya shukrani aende zake. "Nikatoka pale na mzigo wangu wote," akasema. "Kama si dhambi, basi hakuna cha kusamehewa. Na mimi nilikwenda kusamehewa." Miaka ikapita, kwenye semina ya parokia padre kijana akafundisha kwamba watoto wanaokufa bila ubatizo Kanisa linawakabidhi kwenye huruma ya Mungu, tuwe na matumaini. "Nikanyoosha mkono nikauliza, tangu lini? Watu wakacheka. Sikuwa nachekesha. Wenzangu wamebadilisha maneno, mimi maji nimeshayamwaga." Akaweka kikombe chini. "Kila Idi nakula pilau ya yule mwanamke na siri yangu mdomoni. Sitaki kuondoka nayo. Nataka anisamehe yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, kabla sijafa. Nikimwona nashindwa, naanza kuongelea mbegu za karoti. Wewe unaandika magazetini. Niandikie barua."

Niliona fahari, sitaficha. Katika miaka yote ya safu hii hakuna mtu aliyewahi kunikabidhi jambo zito kuliko kuchagua jina la kikundi cha vicoba. Nikachukua karatasi siku ile ile. Nikaanza na salamu nyingi kama matone ya mvua, nikauliza hali ya afya na mashamba, nikaandika kwa mwandiko wa madaha: "Ama baada ya salamu, madhumuni ya barua hii ni..." Hapo nikasimama. Jumamosi akaniuliza: "Barua imefika wapi?" "Imefika kwenye madhumuni, bibi." Jumatano ikafika: "Na leo?" "Bado madhumuni." Nikaanza kutafuta visingizio, nikapata kimoja kizuri. "Bibi, rafiki yako anasoma?" "Msahafu anausoma. Barua hizi za kwetu anasomewa." "Na nani?" Akajipiga paja. Anayemsomea ni yule yule mwanawe muadhini. Nikadhani nimeokoka. Kisha akasema: "Basi iandike hivi: msomaji asielewe, ila msikilizaji aelewe." Nawaambieni, waandishi walionizidi shule wangeweka kalamu chini. Mimi niliiweka ndani ya droo.

Naandika haya nikijua kwamba si mimi peke yangu niliyeifanya toba kuwa kazi ya maandishi. Ninyi nyote mnaupata ule ujumbe wa simu unaokuja kabla ya Kwaresima na kabla ya Ramadhani: kama niliwahi kukukosea kwa kujua au kutojua, nisamehe, nami nimekusamehe. Una maua na picha ya machweo. Unatumwa kwa watu wote waliomo kwenye simu, pamoja na fundi bomba. Mwaka huu niliupata kutoka kwa jirani ambaye kweli alinikosea, alikata mpera wangu kwa sababu majani yalidondoka upande wake, na nikajiuliza kama ule mpera umo. Nadhani haumo. Tumepata njia ya kusamehewa kwa jumla, kama unavyonunua nyanya kwa tenga zima bila kuangalia za chini. Zamani mtu alivaa viatu akaja, akakaa, akakohoa, akasema kosa lenyewe kwa jina lake. Ilikuwa aibu kubwa na labda ndiyo sababu ilifanya kazi. Hata hivyo sina mdomo wa kuwacheka wenzangu. Wao angalau walibonyeza.

Ijumaa nikapanda mlima. Bodaboda ilinifikisha mahali ambapo dereva alizima injini akasema, "Mzee, kuanzia hapa ni wewe na Mungu wako." Njia ilijaa watu waendao msibani, nao wote walinipita: akina mama wenye masufuria kichwani, vijana na viti vya plastiki, hata babu mmoja mwenye fimbo aliyenisalimu kwa heshima kisha akauliza, "Mwenzetu, unapanda au unashuka?" Nilipumzika mara nyingi kuliko nitakavyokiri. Kila nilipoketi juu ya jiwe niliona mji wote chini, na nikatafuta paa letu, nikawaza kwamba bibi yule alikuwa akishuka umbali huu mara mbili kwa wiki kuja kuuliza barua imefika wapi. Wazo hilo lilikuwa zito kuliko mlima. Alikuwa ameondoka na siri yake. Ndivyo nilivyoamini, na nilikuwa naenda kumzika mtu ambaye jambo lake la mwisho lililala ndani ya droo yangu pamoja na betri zilizokwisha.

Msiba wenyewe ulikuwa mzuri, kama inaruhusiwa kusema hivyo. Kaburi lilichimbwa tangu asubuhi na vijana wa dini zote mbili, na aliyekuwa ndani ya shimo akitupa udongo wa mwisho, kofia ameitundika kwenye tawi la mti wa kahawa, nikaambiwa ndiye muadhini. Mbuzi wa kitoweo alichinjwa naye, kama kawaida ya kule, ili asiwepo wa kula na wa kutazama. Jeneza lilipoelekea kanisani alilibeba kona ya mbele kwenye mteremko mbaya kuliko yote. Akalifikisha mlangoni, akapokewa, akasimama nje na wenzake chini ya mti mpaka misa ikaisha, kisha akalichukua tena. Padre alisema machache. Alisema sisi Wakristo hatuogopi kifo kwa kuwa tunajua hakina neno la mwisho, na kwamba dhambi za dada yetu Mungu anazijua na msamaha wake ni mkubwa kuzizidi. Wanajumuiya wakaitikia apewe raha ya milele. Mimi niliitikia kwa sauti ndogo, kama mtu anayetajwa.

Baada ya maziko, wakati watu wanagawiwa chakula, binti yake akanigusa bega akaniambia naitwa uani. Kwenye mkeka ameketi bibi mmoja mwembamba, amejitanda ushungi mweupe, tasbihi mkononi. Nikajua ni nani. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Wewe ndiye mwandishi?" Nikasema ndimi. "Kaa. Umekuja bila barua?" Niliona bora ardhi inimeze pale pale, maana palikuwa na shimo jipya karibu. "Bibi," nikasema, "nilikosea. Barua ile..." Akanikatiza kwa kuinua tasbihi. "Usihangaike, baba. Alikungoja akachoka. Alisema mwandishi wake anaandika polepole, huenda mimi na yeye tungefika mbinguni barua iko kwenye madhumuni."

Ndipo nikaketi. Akanisimulia kwa ile lafudhi ya milimani inayovuta mwisho wa neno. Jumapili, siku tatu kabla ya kifo, rafiki yake alitoka misani akavuka kijito moja kwa moja, hata sare ya akina mama wa parokia hajabadilisha. "Akasimama mlangoni. Nikamwambia kaa. Akasema leo sikai. Nikajua limefika. Akasema: siku ile mtoto alipozaliwa, nilimbatiza. Nikamwambia, najua." "Ulijua?" nikauliza. "Nilikuwa nimelala, sikuwa nimekufa! Maji yalinirukia mguuni. Na maneno niliyasikia. Mimi nilikuwa nasoma dua zangu, zikiisha naanza upya, nikasikia na yeye anasoma za kwake. Nikasema moyoni, soma, mwenzangu, soma. Wa kusikia atasikia."

Nikamuuliza, maana uandishi ni ugonjwa, kama hakukasirika. "Nilikasirika sana! Ulidhani mimi malaika? Mwaka mzima nilikuwa namtazama mtoto akilala najiuliza, huyu amefanywa nini? Halafu akaota meno, akaning'ata, nikajua ni wangu." Alicheka peke yake kidogo. "Nilimngoja aniambie. Nikasema ana aibu yake, itamtoka. Miaka ikaenda. Nikazoea." Kisha sauti yake ikashuka. "Pale mlangoni akaniambia padre alisema si dhambi. Nikamwambia padre wako hakuwa mimi. Maji hayakunikosea, siwezi kuyasamehe. Ulichonikosea ni kutoniuliza. Nilikuwa pale, nina masikio, mtoto ni wangu. Ungeniuliza ningekataa, nawe ulijua ningekataa, ndiyo maana hukuuliza. Hilo ndilo kosa lako. Na hilo nimekusamehe." Akageuza punje moja ya tasbihi. "Ndipo akakaa. Alilia, mwanangu, mpaka sare ikalowa. Halafu akala. Alikula pilau sahani mbili, mtu aliyekuwa akionja tu kila Idi nikadhani simpikii vizuri."

Nimelifikiria jambo hilo wiki nzima kwenye kiti changu. Padre alisema kweli, nami sina shahada ya kumpinga: kwa sheria hapakuwa na dhambi. Lakini mama yule mwenye tasbihi ndiye aliyemfanyia rafiki yake Mkatoliki kile alichokitafuta miaka yote kwenye kiti cha kitubio. Hakumwambia si kitu. Sisi tukiombwa radhi huwa tunakimbilia kusema "aa, si kitu, usijali," tukidhani ni ukarimu, kumbe tunamrudishia mwenzetu mzigo wake mlangoni. Yeye aliupokea, akaufungua, akatoa yasiyo kosa akayaweka pembeni, akakuta lile lililokuwa kosa kweli, akaliita jina lake, ndipo akasamehe. Nimefundishwa tangu mdogo kwamba Mungu anamsamehe mwenye dhambi, na siku zote nililiona jambo hilo kama mtu mkubwa anayefuta ubao bila kusoma kilichoandikwa. Sasa nadhani anasoma kila neno. Nadhani ndiyo maana bibi aliweza kuketi kando ya karoti zake siku ya Jumatano na kuondoka kimya hivyo, bila kumwita mtu.

Nilimuuliza pia kuhusu mwanawe. Akasema alimwambia yeye mwenyewe, jioni ile ile ya Jumapili. Muadhini akasema sasa ndiyo anaelewa kwa nini mama mkubwa kila akikutana naye humtazama kama mtu aliyesahau kitu kwao. Akasema yeye ni Mwislamu na atakufa Mwislamu, lakini aliyemshika wa kwanza duniani ni mama yule, na siku yake ikifika kaburi lake atalichimba yeye. Hakujua siku hiyo iko Jumatano. Nikaomba ruhusa ya kuandika. "Andika," rafiki wa marehemu akasema. "Usitaje majina. Na usije ukajiandika kwamba ulipanda bila kupumzika. Tulikuwa tunakuona kutoka hapa, kila jiwe."

Kwa hiyo, msomaji, nilichojifunza ni hiki, na nakueleza bila madaha. Kama kuna mtu unayemtaka radhi na mnafikiana kwa miguu, usimtafute mwandishi. Maneno mazuri ndiyo yanayochelewesha. Bibi aliposimama mlangoni alisema maneno machache tu, na sidhani kama ningeweza kuyaboresha. Mimi nina kaka yangu anakaa Kingolwira, si mbali hata kidogo, ambaye sikwenda kwenye harusi ya binti yake. Nilisema ni mvua. Mvua ilikuwepo, lakini haikuwa sababu. Niliona uvivu tu, na yeye aliniwekea kiti changu mbele mpaka sherehe ikaisha. Tangu hapo tunatumiana ule ujumbe wenye picha ya machweo. Leo hii namfuata. Sijui nitaanzaje, na nimejikataza kupanga. Ukiona safu hii imekatika vibaya au kuna neno limekosewa, nivumilie: sikuisoma mara ya pili, nimeshavaa viatu.